SOMO LA MWEZI: TUIJUE HALI YA GARI LETU

Somo: Mithali 27:23, Luka 16:10

Mithali inatuagiza kujua vema hali ya mifugo yetu. Sisi wa Mbulu na Hanang twalielewa neno hilo, kwa maana mfugaji humtambua ng'ombe mgonjwa kabla hajalala chini. Lakini gari la parishi, linalompeleka kasisi mitaani na wagonjwa hospitali ya Haydom, twalingoja mpaka lilale. Mwezi huu tujifunze habari za oili ya injini.

Oili huzuia chuma kisisagane na chuma, hupoza injini na kubeba uchafu. Nayo huchoka. Huku kwetu huchoka mapema: vumbi la Basotu wakati wa kiangazi ni jingi, na katika baridi ya Mbulu safari fupi haziipashi injini moto wa kutosha kukausha unyevu uliomo ndani.

Dalili za kuangalia ni hizi:

1. Kilomita na tarehe. Hii ndiyo ya kwanza. Tufuate kitabu cha gari. Kwa oili ya kawaida na barabara za vumbi, mafundi wengi hushauri kilomita 5,000. Chujio la oili libadilishwe pamoja nayo.

2. Kipimo. Gari lisimame mahali tambarare, injini izimwe, tungoje dakika kama kumi. Tuvute kijiti, tukifute, tukirudishe, tukivute tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa chache, kwenye mlima mkali kama wa Dareda hukimbilia upande mmoja, na pampu ikavuta hewa.

3. Kugusa na kunusa. Tuisugue kati ya vidole. Ikikwaruza kama mchanga, au ikinuka petroli au dizeli, imwagwe, na fundi atafute sababu. Ikifanana na chai ya maziwa, imeingiwa na maji. Gari lisiwashwe mpaka fundi aone.

4. Rangi. Hapa wengi hukosea. Oili ya injini ya dizeli huwa nyeusi muda mfupi baada ya kubadilishwa, wala si kosa. Weusi peke yake hautoshi kuwa ushahidi.

5. Moshi na sauti. Moshi wa buluu waonyesha kwamba injini inaunguza oili. Injini ikigonga, hatari iko karibu.

6. Taa nyekundu ya oili. Wengine huingoja hii. Taa hii haituambii kwamba oili imechakaa, bali kwamba presha yake imeshuka. Ikiwaka safarini, tusimame na kuzima injini papo hapo, hata kama tumebakiza kilomita mbili.

Tulipata kuona gari la parishi moja likifia mlimani, mama mgonjwa akiwa ndani. Dereva alidhani fundi amepima oili. Fundi alidhani dereva amepima. Mweka hazina alikuwa akingoja kikao kipitishe fedha za oili. Injini ilinoki, na mama yule akamaliza safari juu ya lori la mahindi. Twamshukuru Mungu kwamba alifika akiwa hai. Lakini sadaka za mavuno za mwaka ule zililiwa zote na injini, na hakuna aliyeona kwamba kosa lilikuwa lake.

Kwa hiyo twashauri mambo matatu. Kwanza, mtu mmoja atajwe kwa jina, apime kila Jumamosi. Pili, daftari likae ndani ya gari, liandikwe tarehe, kilomita na kiasi cha oili iliyoongezwa. Tatu, fedha za oili zitengwe mwanzoni mwa mwaka, zisingoje kikao. Na oili chafu iwekwe kwenye dumu; isimwagwe shambani wala karibu na mto, maana watu na ng'ombe hunywa huko.

Bwana wetu alisema habari za uaminifu katika lililo dogo. Kufuta kijiti kwa kitambaa ni jambo dogo, lakini uhai wa jirani waweza kulitegemea.

Maswali ya kuzungumza:
1. Je, katika parishi yetu ni nani anayepima oili? Twamjua kwa jina?
2. Ni mali gani nyingine ya kanisa ambayo kila mtu hudhani mwenzake anaitunza?

Bwana atusaidie kuwa mawakili waaminifu. Amina.