Jongoo, Mvinje na Neno "Kuoza": Somo la Viumbe wa Udongoni kwa Watoto wa Magogoni

Makala haya yanajadili jinsi mwalimu wa madarasa ya chini huko Magogoni, Kisauni, anavyoweza kuwafunza watoto habari za viumbe wadogo wa udongoni kwa Kiswahili, lugha wanayoijia nayo shuleni. Aghalabu mtoto wa pwani hukutana na jongoo katika methali kabla ya kufunzwa habari zake darasani: mtupa jongoo hutupa na mti wake. Methali hiyo ina hekima yake, ila humwachia mtoto picha ya kiumbe asiyestahili ila kutupwa.

Ushahidi wa kinyume hauko mbali. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, kilichoanza kazi katika miaka ya 1950, kilichimba mawe ya matumbawe na kuacha mashimo makubwa, makavu, yasiyo na udongo. Mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, alianza kupanda miti humo. Kati ya aina 26 zilizojaribiwa, tatu tu ndizo zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo. Mvinje ulistawi, lakini majani yake membamba kama sindano yalirundikana chini bila kuoza, kwani yana tanini nyingi inayowazuia bakteria. Ndipo ikabainika kuwa jongoo wenye miguu myekundu huyala majani hayo. Wakaletwa kwa mamia. Jongoo hulitafuna jani na kulitoa likiwa kinyesi laini, na bakteria walioshindwa na jani zima hukimudu kinyesi hicho na kukigeuza mboji. Udongo ukazaliwa juu ya jiwe, na miti mingine ikafuata. Mahali hapo leo panaitwa Haller Park.

Kisa hiki kinampa mwalimu mlango wa kuingilia maumbile ya viumbe hao. Jongoo ana jozi mbili za miguu katika pingili zake nyingi; miguu hiyo mifupi humpa nguvu ya kujisukuma chini ya majani na udongo. Akiguswa hujikunja, na hutoa majimaji machungu. Tandu, ambaye watoto wengi humchanganya naye, ana jozi moja kwa kila pingili, hukimbia, huwinda na ana sumu. Tofauti hii ifunzwe mapema, kwa usalama wa vidole. Nyungunyungu hana mapafu. Hupumua kwa ngozi, na kwa hivyo hukaa penye unyevu.

Hapa ugumu wa lugha hujitokeza. Katika mazungumzo ya kila siku, jongoo, buibui na hata nyungunyungu wote ni "wadudu", ilhali kitaalamu mdudu ni mwenye miguu sita, mathalan mchwa na chungu. Kwa maoni yangu, mtoto asikemewe kwa kutumia lugha ya nyumbani kwao. Mwalimu aanze na "viumbe wadogo", kisha awaache watoto wenyewe wahesabu miguu.

Neno "kuoza" nalo lina mzigo. Samaki huoza, jino huoza, na tabia ya mtu husemwa imeoza. Yote ni hasara. (Tena baba humwoza binti yake, na darasa likicheka hapo, mwalimu amepata somo la pili bila gharama.) Ni vyema basi neno hilo liambatanishwe na "mboji" na "rutuba" tangu siku ya kwanza, ili mtoto aone mwisho wa jani ni chakula cha mche.

Jaribio lenyewe halihitaji maabara. Zitafutwe chupa mbili pana za plastiki zilizokatwa juu, zitiwe mchanga na majani makavu ya mvinje kwa kiasi sawa, na kunyunyizwa maji kidogo kila siku. Katika chupa moja watiwe jongoo watatu, na vinywa vya zote mbili vifunikwe kwa kitambaa chepesi. Watoto wanawe mikono kila wanapowagusa, maana majimaji yale huwasha macho. Kila Ijumaa wachore wanachokiona na kukisimulia kwa vitenzi vyao: kutafuna, kumeng'enya, kupungua, kuoza. Baada ya majuma kadhaa mwalimu aziweke chupa mezani bega kwa bega na kuwauliza majani ya ile ya kwanza yamekwenda wapi, kisha anyamaze awasikilize.