Kujiona Kama Si Wewe

Uko shambani Titye, unapalilia maharage. Ghafla mikono yako unaiona kama si yako. Unajiona kama unajitazama kwa mbali.

Hali hii humpata mtu aliyeogopa sana, aliyekosa usingizi au aliyevuta bangi. Mara nyingi hupita. Ikidumu, au ikirudi mara kwa mara, huenda ni ugonjwa wa akili. Mtu hakurogwa. Anajua mikono ni yake, ila haioni kuwa yake.

Usimcheke. Usimfunge kamba. Msikilize, kisha mpeleke zahanati. Mazungumzo na mtaalamu humsaidia. Akiwa na homa au degedege, usingoje kesho: apimwe malaria leo.

Swali: Mwenzako akisema, "Mwili huu si wangu," utafanya nini?