Daktari wa moyo na bima ya SHA: haki zako ni zipi?

Wakenya wengi wanaotafuta daktari bingwa wa moyo huanza kwa kuuliza jina: nani anasifiwa, anapatikana wapi. Kwa anayetegemea bima ya Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), swali hilo lije la pili. Kwa kawaida SHA huwekeana mkataba na hospitali. Ndiyo maana daktari yuleyule anaweza kukuona asubuhi kwa bima katika hospitali ya umma, na jioni akakutoza pesa taslimu kwenye kliniki yake, wala asiwe amevunja sheria.

Basi nenda kwanza kwenye dawati la SHA hospitalini. Uliza kama mkataba wao bado unaendelea. Kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: kipimo alichoandika daktari, kwa mfano eko ya moyo, kinalipiwa hapa kwa kiasi gani, na mimi nitajazia ngapi? Usione haya. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Afya ya mwaka 2017 kinataka mgonjwa aelezwe matibabu yaliyopo, manufaa yake, hatari zake na gharama zake. Upasuaji huhitaji idhini ya SHA mapema, na kazi ya kuiomba ni ya hospitali. Asikutume mtu uzunguke nayo.

Pia hakikisha michango yako haina pengo. Piga *147# kutoka kwenye simu yako. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara. Asiye na ajira rasmi hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja, na kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi.

Mabingwa wa moyo wamejaa mijini, Nairobi hasa, na hilo ni dosari ya serikali, si yako. Hata hivyo usipande basi mapema. Hospitali kubwa ya kaunti huwa na daktari wa magonjwa ya ndani anayeweza kukupima umeme wa moyo, kukuanzishia dawa za presha na kukuandikia rufaa ya kwenda Kenyatta au Hospitali ya Rufaa ya Moi kule Eldoret. Ondoka na barua hiyo pamoja na nakala za vipimo. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inakupa haki ya kuziona taarifa zako, na ukiwa nazo huenda usilipie kipimo kimoja mara mbili. Kama unamtilia shaka anayejiita bingwa, sajili ya Baraza la Madaktari (KMPDC) iko wazi kwa umma.

Kifua kikibana ghafla, jasho likakutoka na pumzi ikakata, hayo yote yaweke kando. Ingia hospitali iliyo karibu, iwe ina mkataba au haina. Ibara ya 43(2) ya Katiba inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura, na kifungu cha 7 cha Sheria ya Afya kinakifanya kitendo cha kumnyima kuwa kosa la jinai. Hospitali lazima ikutulize hali, na isiyo na uwezo huo ikupangie rufaa. Wakidai amana kwanza, aliyekusindikiza aandike saa, idara na jina la aliyekataa, kisha malalamiko yapelekwe KMPDC kwa maandishi.