Kura 343: Mafunzo Niliyopata Rayquaza Alipomshinda Gardevoir

Februari 2020 mashabiki wa Pokémon duniani kote waliitwa wamchague Pokémon wa Mwaka. Kura zilipigwa kupitia Google, na kila mtu aliruhusiwa kura moja kwa siku kwa kila kanda ya michezo hiyo, kuanzia Kanto ya mwaka 1996 mpaka Galar, iliyokuwa na miezi mitatu tu tangu itoke. Matokeo yalitangazwa tarehe 27 Februari, siku ya kuzaliwa kwa Pokémon. Greninja, yule chura ninja wa Kalos, aliwaacha wenzake mbali kwa kura 140,559.

Habari nyingi ziliishia kwake. Macho yangu mimi yalikuwa kwenye nafasi ya nane na ya tisa: Rayquaza 60,939, Gardevoir 60,596. Wote wawili wanatoka Hoenn, kwa hiyo zile kura 343 ndizo zilizoamua nani anaongoza kanda nzima. Mimi nilikuwa wa Gardevoir. Mdogo wangu wa kiume, tuliyekuwa tukiishi naye nyumba moja, alikuwa wa Rayquaza, na hakuwa akitania.

1. Kura zigeuzwe watu, ndipo utajua zilivyobanana

Kura 343 zinaonekana nyingi mpaka uzipige hesabu. Wawili hao waligawana kura 121,535. Katika kila kura elfu moja, tofauti yao haifiki tatu.

Halafu kuna jambo la pili. Kura ya Hoenn ilikwenda kwa mmoja tu kila siku, kwa hiyo anayemhama Rayquaza kwenda kwa Gardevoir anapunguza huku na kuongeza kule kwa mkupuo mmoja. Kura 172 zingehama, Gardevoir angeshinda kwa kura moja. Sasa chukua mtu anayepiga kila siku kwa wiki moja: watu 25 wa namna hiyo wangetosha kugeuza matokeo. Watu 25, katika kura iliyopigwa dunia nzima! Tangu siku hiyo, nikisikia mtu akisema kura yake moja haina maana, huwa namfanyia hesabu hii mpaka mwisho.

2. Anayependa hukumbuka kila asubuhi

Mdogo wangu alipiga kura kabla ya chai. Akitoka chumbani, simu mkononi, swali lake lilikuwa lilelile: "Dada, leo umeshapiga?" Aliniuliza huku akijua kwamba kura yangu inakwenda kwa mpinzani wake. Nilimheshimu sana kwa hilo, kwa sababu alitaka kushinda watu waliojitokeza, hakutaka kushinda watu waliosahau.

Wapo wanaosema kura ya kila siku si ya haki, kwamba inawabeba wenye muda na wenye bando. Sikubaliani nao. Hapa hatafutwi mbunge. Anatafutwa anayependwa, na mapenzi ya siku moja hayalingani na mapenzi ya wiki nzima.

3. Watu hupigia kura kisa, nguvu huja baadaye

Ukitazama nguvu peke yake, Rayquaza na Gardevoir hawakupaswa kuwa hata karibu. Rayquaza ni joka la kijani linaloishi angani, mmoja wa wale wakubwa wa hadithi za Hoenn. Gardevoir huanza kama Ralts, kiumbe mdogo ambaye mchezaji akizembea anampita majanini bila kumwona. Basi iliwezekanaje wakaenda sako kwa bako hivyo?

Jibu langu ni Wally. Katika michezo ya Ruby na Sapphire, iliyotoka Japani mwaka 2002, Wally ni mtoto mgonjwa anayehamishiwa kwa ndugu zake katika mji wa Verdanturf. Anaogopa upweke, anataka rafiki wa kwenda naye. Baba yako katika mchezo, Norman, anamwazima Zigzagoon na kumpa mpira wa kukamatia, kisha anakuomba wewe umsindikize. Mnaingia majanini. Wewe hupigani, unasimama tu kumwangalia mwenzako mwenye woga akijaribu kwa mara ya kwanza. Anatokea Ralts, Wally anarusha mpira, anampata, na hajui afurahi vipi.

Saa nyingi za mchezo zinapita. Unapambana njia nzima mpaka Victory Road, njia ya kuelekea ligi, na anayekuzuia ni Wally. Yule mtoto wa kusindikizwa amefika huko kwa miguu yake, na Ralts wake sasa ni Gardevoir. Mwenye kuuona mkutano ule akaja kuulizwa kuhusu Hoenn, nani mwingine atamchagua?

Mdogo wangu alikuwa na jibu, na lilikuwa jibu zito. Katika Emerald, mchezo mwingine wa Hoenn, majitu mawili Groudon na Kyogre wanapigana katika mji wa Sootopolis. Mara jua linaunguza, mara mvua inamwagika, na watu hawana la kufanya. Unapanda mnara wa Sky Pillar kumwamsha Rayquaza. Anashuka kutoka mawinguni, na wale wawili wanaacha ugomvi na kila mmoja anarudi alikotoka. "Hakumpiga mtu," aliniambia. "Alifika tu, vita vikaisha." Kwake yeye huo ndio ukubwa, na sikuwa na la kumjibu. Kura 343 zilikuwa kati ya visa viwili vizuri, na kipimo cha visa viwili vizuri lazima kibanane.

4. Angalia uliyewekwa naye

Fundisho hili lilinichukua muda kulielewa, nami naliona ndilo lenye uzito kuliko yote. Garchomp wa Sinnoh alipata kura 61,877, nyingi kuliko za Rayquaza. Hata hivyo hakuongoza kanda yake, kwa sababu Sinnoh ndiko aliko Lucario, aliyeshika nafasi ya pili duniani kwa kura 102,259. Sylveon alipata 66,029 akawa wa sita kwa wote, lakini yuko Kalos pamoja na Greninja. Upande wa pili, Chandelure aliongoza Unova bila hata kuingia kumi bora, maana yake kura zake hazikufika 60,214 za Gengar aliyefunga orodha.

Sisi tunaopiga kura za majimbo tunalijua jambo hili kwa ndani. Kura zilezile zinaweza kukupa taji mahali pamoja na kukunyima mahali pengine. Kwa hiyo Gardevoir angekuwa Unova, pengine tungekuwa tunamwita mshindi leo, kwa kura hizohizo 60,596.

5. Jina kubwa halijipigii kura

Pikachu, anayejulikana hata na bibi ambaye hajawahi kugusa mchezo wa video, hakuwemo kumi bora. Kujulikana na kuchaguliwa ni mambo mawili.

6. Kukubali matokeo hakukulazimishi kubadili moyo

Asiyekubali kushindwa si mshindani, ndivyo tulivyolelewa. Matokeo yalipotoka nilimpa mdogo wangu mkono, naye aliupokea bila kunikejeli. Iliniuma, na sioni aibu kusema hivyo, kwani ukijali kitu kweli lazima kikuume kikishindwa. Lakini sikuhamia kwa Rayquaza, wala sikuanza kutafuta kasoro za upigaji kura. Zilihesabiwa, zikatangazwa kwa namba kamili, na namba hizo zimeniambia kwamba watu wanaompenda Gardevoir ni karibu sawasawa na wanaompenda joka la angani.

Ndiyo maana naomba kila anayeandaa kura ya aina hii atangaze idadi zote na asiishie kwenye majina. Wangetupa orodha tupu, tungejua tu kwamba Gardevoir alikuwa wa tisa. Mdogo wangu tayari ana mpango wake kwa kura ijayo, anawashawishi binamu zetu. Nami nawapigia simu walewale.