Kuchagua Kijito cha Trauti Milimani

Trauti wa vijito ni samaki mdogo, mwenyeji wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini. Mgongo wake una michirizi iliyopindapinda kama njia za minyoo, ubavuni ana madoa mekundu yaliyozungukwa na buluu, na mapezi yake ya chini yana ukingo mweupe. Katika Milima ya Great Smoky, mpakani mwa Tennessee na North Carolina, yeye ndiye trauti pekee wa asili. Wakata magogo walipofyeka misitu mwanzoni mwa karne ya 20, jua liliingia mitoni na tope likafunika changarawe. Kisha akaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka magharibi ya Marekani, naye akamnyang'anya mwenyeji makao yake. (Ni aina ile ile iliyoletwa katika mito ya Mlima Kenya na Nyandarua, ambako hakukuwa na trauti wa asili wa kufukuzwa.) Mwenyeji alipoteza karibu robo tatu ya maji yake. Hivyo basi, anayetaka kumvua hana budi kujua kwanza mahali alipokimbilia.

Kazi huanza mezani kwa kusoma ramani. Mvuvi hutafuta vijito vilivyo juu ya futi 3,000, vyenye msitu pande zote mbili. Mahali mistari ya mwinuko inapokaribiana sana, maji huteremka kwa nguvu, na huenda pana maporomoko. Maporomoko hayo ndiyo ngome ya mwenyeji, kwa maana samaki wageni walioko chini hawawezi kuyapanda. Kijito kinachofuatana na barabara hufikiwa na kila mtu. Yafaa kupendelea kile kinachodai mwendo wa saa moja au mbili kwa miguu. Wala asikidharau kwa kuwa mtu aweza kukiruka. Samaki wa urefu wa inchi 7 huko ni mkubwa wa kutosha kusifiwa.

Akifika, asitupe ndoana mara moja. Achukue kipimajoto akitie majini, na siku ifaayo kuliko zote ni siku ya joto ya Julai au Agosti, saa za alasiri. Maji yakiwa chini ya digrii 18 za Sentigredi, kijito ni kizuri. Yakipita digrii 20, afadhali afunge vyombo vyake aende zake, kwani maji ya joto yana hewa kidogo, na samaki aliyechoshwa humo aweza kufa hata akirudishwa salama. Kivuli nacho si jambo dogo. Miti mingi ya hemloki iliyokuwa ikifunika vijito hivyo imeuawa na mdudu mdogo aliyetoka Asia, na kijito kilichokuwa baridi zamani huenda sasa kinaota jua mchana kutwa. Ndiyo sababu sifa za zamani hazitoshi. Lazima maji yapimwe.

Halafu ageuze mawe machache, akiyarudisha kama alivyoyakuta. Wadudu wachanga wa maji wakiwa wengi chini yake, chakula kipo. Wasipokuwapo, ajihadhari: maji meupe kama kioo humdanganya mtu. Viko vijito vya juu kabisa vilivyopoteza samaki wote kwa sababu ya asidi iliyoletwa na mvua chafu, navyo ni vya kupendeza macho. Atazame pia kama kuna vidimbwi vya kina, ambamo samaki watajificha kijito kikipungua.

Milima hiyo ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1934. Uvuvi wa trauti huyu ulikatazwa humo mwaka 1976, ukaruhusiwa tena mwaka 2006 baada ya kuonekana kwamba mvuvi mwenye kufuata sheria hawamalizi. Anatakiwa awe na leseni ya mojawapo ya majimbo hayo mawili, na atumie chambo cha bandia chenye ndoana moja tu.

Samaki hawa hutaga wakati wa kupukutika majani, hasa Oktoba na Novemba. Jike huchimba changarawe kwa mkia, na sehemu hiyo huonekana safi kuliko nyingine. Mayai hubaki humo mpaka karibu na majira ya kuchipua. Katika miezi hiyo mvuvi hutembea ukingoni, maana hatua moja yaweza kuyasaga mamia.