Mateso Yasiyoacha Alama
Somo kwa wazee wa kanisa na kwa vikundi vya akina mama

Mke anapokuja mbele ya wazee na kusema kwamba ndoa yake imemshinda, swali letu la kwanza latujulikana sote: Je, mumeo hukupiga? Akijibu ndiyo, twamwita mume na kumkaripia. Akijibu la, twauliza kama hunyimwa chakula, au kama mume ana mwanamke mwingine. Akijibu la tena, twaona shauri limekwisha. Twamwambia avumilie, twaomba pamoja naye, naye arudi kwake. Swali lile ni jema, lakini halitoshi. Wapo watu katika sharika zetu ambao tangu siku ya arusi hawajapigwa hata kofi moja, nao ni wafungwa katika nyumba zao wenyewe.

Twakumbuka shauri moja la namna hii, nasi tulikuwa miongoni mwa walioketi. Mahali hatutapataja. Mume alikuwa mtu wa kusifiwa: hanywi pombe, hapazi sauti, sadaka yake haikosi, na watoto wake wavaa vizuri. Mkewe alikuja na daftari. Ndani yake aliandika kila alichonunua, chumvi, kiberiti, sabuni, kwa kuwa kila usiku mume alilikagua, na hesabu ikipungua kwa shilingi 100 alisimamishwa na kuulizwa mpaka usiku wa manane. Kwenda bombani alipimiwa muda, na akichelewa aliulizwa alisimama na nani. Simu yake ilisomwa kila jioni. Kwa mama yake hakufika miaka miwili. Hakukatazwa waziwazi, la. Ila kila alipotaka kwenda, ama mume aliugua, ama nauli ilikosekana, ama aliambiwa kwa upole: Nenda, lakini watoto utakuwa umewaacha. Naye alipolalamika, mume alikana kwamba aliwahi kusema neno lile; akamwambia ya kuwa amesahau, ya kuwa kichwa chake si kizima. Hata mwisho mwanamke akaanza kuiogopa akili yake mwenyewe. Ndiyo maana alilileta daftari, apate shahidi.

Nasi tulifanya nini? Tulilitazama lile daftari, tukamsifu mume kwa uangalifu wake wa fedha. Kisha tukamwita, tukawaketisha wote wawili katika benchi moja, tukamtaka mke aseme mbele ya mumewe. Alisema maneno machache, akanyamaza. Twalidhani kunyamaza kule ni kupatana. Baadaye sana ndipo tulipopata habari ya kwamba usiku uleule alitakiwa kurudia, neno kwa neno, yote aliyotuambia.

Jambo hili limechunguzwa kwa bidii katika miaka hii ya karibu. Katika mji wa Duluth, kando ya Ziwa Superior huko Marekani, katika jimbo la Minnesota ambako Walutheri ni wengi, lilianzishwa mwaka 1981 shirika la kushughulika na ukatili wa nyumbani. Mwaka 1984 watu wa shirika hilo, baada ya kuwasikiliza wanawake walioteswa, walichora mfano wa gurudumu. Katikati ya gurudumu waliandika uwezo na utawala. Katika njiti zake waliandika yale ambayo wanawake waliyataja kuwa ni maisha yao ya kila siku: vitisho, matusi na kudharauliwa, kutengwa na watu, kunyimwa fedha, watoto kutumiwa kama silaha, kosa kukanwa au kugeuzwa likawa la mwenye kuteswa, na mume kujifanya bwana na mke mtumishi. Kipigo na kuingiliwa kwa nguvu viliandikwa katika duara la nje, lile linaloshika njiti zote.

Mfano huu wafaa kufikiriwa sana. Duara la nje laweza kugusa ardhi mara moja tu, na gurudumu likaendelea kuzunguka. Kofi moja la mwaka wa kwanza wa ndoa laweza kutawala nyumba kwa miaka kumi. Baada ya hapo mume hana haja ya kuinua mkono, kutazama tu kwatosha. Tena ziko nyumba ambamo kofi lile halikutokea kamwe, na utawala ni uleule. Mtaalamu mmoja wa Marekani, Evan Stark, katika kitabu alichokitoa mwaka 2007, alifundisha kwamba tukihesabu majeraha peke yake hatutauona ubaya wenyewe, maana kinachoibwa hapa ni uhuru wa mtu. Siku hizi jambo hili huitwa ukatili wa kisaikolojia. Wazee wetu wangesema kwamba mtu amevunjwa moyo akiwa mzima.

Lakini mtu atauliza: Je, kila nyumba yenye ugomvi ihesabiwe hivyo? Hasha. Mume na mke hugombana, hata kwa sauti za kusikiwa na jirani, na kesho yake kila mmoja asema alitakalo. Mume kuuliza fedha zimekwenda wapi si dhambi, maadamu na mke aweza kumwuliza yeye vivyo hivyo. Alama ya kutazama ni hofu. Je, huyu aweza kusema la? Naye akisema la, hutokea nini? Katika ugomvi hofu haina makao ya kudumu. Katika utawala huu mmoja aishi akipima uso wa mwenzake tangu mlango unapofunguliwa jioni. Hatusemi kwamba wanaume hawateswi hivi, tumewaona. Ila wengi waletao shauri hili kwetu ni wanawake.

Na kwa nini asiondoke? Swali hili huulizwa na watu wasiowahi kuwa na mahari ya kurudishwa. Ana watoto, hana shamba kwa jina lake, na ndugu zake wamekwisha kumzoea kuwa mbali. Tena mume si mkali kila siku. Ziko wiki za upole, kitenge kipya, na ahadi, na mke husema moyoni kwamba mume wake wa kweli ndiye huyu. Zaidi ya hayo, wakati wa kuondoka ndio wakati wa hatari kubwa kuliko nyingine zote, maana mtawala aonapo mamlaka yanamponyoka, ndipo hata yule asiyepata kupiga aweza kupiga, au kuua. Kwa hiyo anayekaa pengine hakai kwa ujinga. Amepima.

Sheria za dunia zimeanza kulitambua jambo hili. Bunge la Uingereza mwaka 2015 liliufanya utawala wa namna hii kuwa kosa la jinai katika England na Wales, na kifungo chake chaweza kufika miaka 5. Scotland ilitunga sheria yake mwaka 2018, nako chaweza kufika miaka 14. Kenya mwaka 2015 iliyataja mateso ya moyo na ya uchumi katika sheria yake ya kuwalinda watu na ukatili wa nyumbani. Nasi Tanzania tusijione tumeachwa nyuma sana: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, yakataa kwamba mtu ana haki ya kumchapa mwenzi wake, desturi iseme lolote, na kifungu cha 107 chautaja ukatili wa moyo pamoja na wa mwili.

Na Maandiko je? Wapo wanaume walishikao Neno kama fimbo. Huufungua Waraka kwa Waefeso, sura ya 5, wakaanza mstari wa 22. Mstari wa 21, unaowaagiza Wakristo wote kunyenyekeana, wameuruka. Wakifika wa 25, unaomwonyesha mume mfano wa Kristo aliyejitoa nafsi yake, wamekwisha kufunga kitabu. Wakolosai 3:19, panapowakataza waume kuwa wakali, hawapakumbuki. Na Luther, katika Katekismo Kubwa ya mwaka 1529, akiieleza Amri ya Tano, ahesabu kuwa mtu aweza kuua kwa moyo, kwa kinywa na kwa ishara, wala si kwa mkono tu.

Yatupasa basi kuigeuza desturi yetu ya kusikiliza. Aletaye shauri asikilizwe peke yake, na ikiwa ni mwanamke, awepo mzee wa kanisa mwanamke. Benchi moja lisitumike mpaka tumejua kama yupo mwenye hofu. Naye akiwepo, lisitumike kabisa. Tusimtumie barua nyumbani, wala ujumbe wa simu, maana tumekwisha kuona ni nani aisomaye. Tusimwagize aondoke, tusimwagize akae. Tumwulize yeye aonavyo usalama wake, kwa kuwa ndiye amjuaye mumewe. Akitaka kuondoka, siku isitangazwe, na vyeti vya watoto viwekwe mapema kwa mtu mwaminifu. Akitishwa, asindikizwe mpaka Dawati la Jinsia na Watoto kituoni mwa polisi, wala asiambiwe kwamba amelitia kanisa aibu.

Wazee watakaolisoma somo hili katika kikao chao cha mwezi, na wayafungue mashauri ya ndoa ya mwaka uliopita. Watafute yale yaliyoandikwa kwamba mke alinyamaza na shauri likafungwa, kisha waulizane: ni nani aliyekuwa ameketi karibu naye aliponyamaza?