Barua Pepe katika Kazi ya Mwalimu: Kila Mtu Masijala Yake

Utangulizi

Shabaha ya makala haya ni kumsaidia mwanachuo anayejiandaa kufundisha shule ya msingi aitumie barua pepe kwa manufaa, bila kuiogopa na bila kutawaliwa nayo. Vyuoni tunaona makundi mawili. Kundi la kwanza ni la wale waliofungua anwani siku ya kujaza fomu fulani, kisha wakaisahau pamoja na nenosiri lake. Wito wa usaili ukiletwa kwa njia hiyo, siku ya usaili hupita nao hawana habari. Kundi la pili ni la wale ambao simu ikilia kidogo tu huacha walitendalo, hata kama wameshika chaki mbele ya darasa. Wa kwanza hupoteza nafasi yake mwenyewe. Wa pili hupoteza dakika za kila mtoto aliye darasani. Ingawa makundi haya yanaonekana kuwa mbalimbali, kasoro yao ni moja: yote mawili hayana utaratibu wa kupokea barua.

Asili ya jambo lenyewe

Barua pepe si mtoto wa juzi. Mwaka 1971 mhandisi wa Marekani, Ray Tomlinson, alifaulu kutuma ujumbe kutoka kompyuta moja hadi nyingine kwa mtandao ulioitwa ARPANET. Yeye ndiye aliyechagua alama ya @ itenganishe jina la mtu na jina la kompyuta yake. Miaka saba baadaye, mwezi Mei 1978, tangazo la biashara lilitumwa kwa mamia ya watumiaji wa mtandao huohuo bila wao kuliomba. Kwa hiyo tangu zamani njia hii imebeba ngano na makapi pamoja, na kazi ya kupepeta imeachiwa mpokeaji.

Masijala inatufundisha nini?

Tuangalie jinsi barua ya karatasi inavyoshughulikiwa katika ofisi yenye utaratibu. Tarishi huileta kutoka posta kwa saa maalumu. Karani wa masijala huigonga muhuri wa tarehe, huiandika katika rejesta, kisha huitia katika jalada lenye namba. Ndipo jalada hupelekwa kwa ofisa, naye husoma na kuandika dokezo: ijibiwe, ipelekwe kwa fulani, au ihifadhiwe. Ofisa hakai mlangoni akimngoja tarishi, wala barua haimvamii katikati ya mkutano.

Barua pepe imewaondoa tarishi na karani, lakini kazi yao ingalipo. Yote imemwangukia mpokeaji. Anayelemewa na barua pepe mara nyingi si mvivu. Anafanya kazi ya watu watatu bila kujua kwamba ni kazi tatu. Dawa yake ni kuzitenganisha tena.

Hatua za kufuata

1. Kazi ya tarishi: weka saa za posta. Chagua nyakati mbili au tatu kwa siku, kwa mfano kabla ya kengele ya asubuhi, wakati wa chakula cha mchana, na baada ya masomo. Zima mlio wa barua katika simu. Kostadin Kushlev na Elizabeth Dunn wa Chuo Kikuu cha British Columbia, Kanada, walichapisha mwaka 2015 utafiti uliohusu watu wazima 124. Kwa juma moja watu hao walitakiwa kufungua barua pepe mara tatu tu kwa siku. Kwa juma lingine walizifungua kadiri walivyoweza. Katika juma la mara tatu walikuwa na msongo mdogo zaidi wa mawazo. Jambo la haraka kweli, kama vile mtoto kuugua, lipigiwe simu, lisingoje barua.

2. Kazi ya karani: panga majalada machache. Manne humtosha mwalimu anayeanza: Ajira na Vyeti, Uongozi wa Shule, Wazazi, na Vifaa vya Kufundishia. Majalada yakiwa ishirini, muda wa kutafuta jalada utazidi muda wa kusoma barua. Barua taka zifutwe bila kufunguliwa.

3. Kazi ya ofisa: soma na utoe uamuzi. Kila barua unayoifungua iandikie dokezo moyoni: jibu sasa, panga siku ya kuitenda, peleka kwa anayehusika, hifadhi, au futa. Lile linalohitaji siku nyingine liandikwe katika shajara yako, siyo kuachwa kikashani kwa matumaini kwamba utalikumbuka. Barua iliyosomwa mara tano bila uamuzi imekula muda wa barua tano.

Kuandika barua inayojibika

Sehemu ya msongamano wa barua husababishwa na waandishi. Neno tulilozoea kuandika juu ya barua za kikazi, yaani “Yah:”, ndilo linalotakiwa katika nafasi ya mada ya barua pepe. Mada ikiwa “Habari” au “Muhimu sana”, mpokeaji hajui la kufanya. Tazama mfano huu:

Yah: Kuomba ratiba ya Hisabati, Darasa la Tatu, kabla ya Ijumaa

Ndugu Mwalimu Mkuu,
Mimi ni mwanachuo niliyepangiwa shule yako kwa mazoezi ya kufundisha. Naomba kupatiwa ratiba ya vipindi vya Hisabati, Darasa la Tatu, kabla ya Ijumaa, ili niandae azimio la kazi. Natanguliza shukrani.

Barua hii ina ombi moja, sababu moja, na siku ya mwisho. Msomaji anaweza kuijibu akiwa amesimama. Iwapo una mambo mawili yasiyohusiana, andika barua mbili, kwani aghalabu la pili husahauliwa.

Herufi Cc zinatokana na karatasi ya kaboni tuliyokuwa tukiweka kwenye mashine ya chapa ili kupata nakala. Karani hakutia kaboni pasipo sababu. Nasi tusimpelekee nakala mtu asiyehusika. Unapowaandikia wazazi wengi, tumia nakala ya siri, yaani Bcc, ili anwani za watu zisienezwe.

Barua iliyoandikwa kwa hasira ilazwe hadi kesho. Karatasi iliyomo mfukoni yaweza kuchanwa, lakini barua pepe iliyokwisha kutumwa ni vigumu kuirudisha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Tahadhari

Usimpe mtu yeyote nenosiri lako, hata akijitambulisha kuwa ni ofisa. Barua inayodai fedha ili upewe ajira ipelekwe kwa mkufunzi au mwalimu mkuu kabla ya kujibiwa. Alama na habari za afya za wanafunzi zisitumwe ovyo: Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na Kenya ina sheria ya namna hiyo ya mwaka 2019.

Zoezi la darasani

Zoezi hili halihitaji kompyuta. Mkufunzi aandae vikaratasi 24, yaani seti mbili za barua 12 zilezile: nyingine za maana, nyingine za porojo, moja ya utapeli. Darasa ligawanywe makundi mawili, kila kundi liandae andalio la somo kwa dakika 36.

(a) Kundi la kwanza liletewe kikaratasi kimoja kila baada ya dakika tatu na lijibu papo hapo.
(b) Kundi la pili lifanye kazi bila kusumbuliwa kwa dakika 24, kisha lipewe vikaratasi vyote 12 kwa pamoja.

Mwisho wanachuo walinganishe maandalio na majibu yao, wakijadili maswali haya: Andalio lipi lina hatua zilizo kamili? Ni kundi lipi lililotambua barua ya utapeli, na kwa nini? Ni barua ngapi zilihitaji kujibiwa siku ileile?

Wanafunzi wa Darasa la Tano wanaweza kufanya sehemu yake katika kipindi cha Kiswahili: wapewe barua fupi zisizo na mada, waziandikie “Yah:” inayofaa. Hivyo watajifunza ufupisho na barua kwa wakati mmoja.

Hitimisho

Hatudai kwamba mwalimu awe na kikasha kitupu kila jioni. Tunadai kwamba ajue barua zake ziko wapi, ipi inamngoja, na lini ataishughulikia. Mwanachuo aanze leo kwa kufungua anwani yake, kuhakikisha nenosiri analikumbuka, na kuandika saa zake za posta kando ya ratiba yake ya masomo. Atakapokwenda shuleni, barua zitamngoja zamu yake ya kuzisoma, na watoto hawatangoja.